Kisahani cha damu: faida haiko kwenye mashine

Mwekezaji anayetazama hisa za kampuni za vifaa vya hospitali hana budi kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha zake: kampuni hii inaishi kwa kuuza mashine, au kwa kuuza kile kinachotumika ndani ya mashine na kutupwa?

Jibu limo katika mwenendo wa Abaxis, kampuni ya California, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1989. Bidhaa yake kuu ilikuwa kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 8. Mhudumu hutia humo matone machache ya damu ya mgonjwa, kisha mashine ndogo ya mezani hukizungusha kwa kasi. Mzunguko huo hutenga chembe za damu na majimaji yake, na kuyasukuma majimaji kupitia mifereji myembamba hadi kwenye vijumba vya ukingoni vyenye kemikali kavu. Mwanga hupima mabadiliko ya rangi. Kwa dakika 12 hivi, majibu ya ini, figo na sukari huwa tayari pale pale alipo mgonjwa.

Mashine hununuliwa mara moja ikakaa miaka. Kisahani hutumika mara moja tu, hivyo kila kipimo ni mauzo mapya.

Hata hivyo, walionunua hisa zilipoingia soko la Nasdaq mwaka 1992 wakitaraji faida ya haraka walisubiri sana, maana kampuni iliandamwa na hasara katika miaka hiyo ya 1990. Hospitali kubwa zilikuwa na maabara zao. Soko nono lilipatikana kwa madaktari wa wanyama, wanaotaka jibu mwenye mbwa akiwa bado yuko kliniki. Huko ndiko yalikotoka mapato mengi. Mwaka 2018 Zoetis, kampuni ya Marekani ya dawa za wanyama, iliinunua Abaxis kwa dola 83 kila hisa, jumla ya dola bilioni 2 hivi.

Mwenye mtaji mdogo asihesabu mashine zilizouzwa. Aulize kila mashine inamaliza visahani vingapi kwa mwezi, na nani anavilipia. Msambazaji naye akumbuke kwamba visahani hivyo huhifadhiwa kwenye jokofu na vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni haimlipi mwenye hisa.