Mfuko wa Pili Usubiri Kwanza

Msomaji wa Tanga anauliza: bibi yake wa miaka 82, aliyelazwa kwa nimonia na upungufu wa damu, ameongezewa mfuko mmoja tu. Muuguzi kasema wa pili usubiri. "Wajukuu tumeshatoa damu, kwa nini abaniwe?"

Makundi ya damu tuyaache, yameandikwa mpaka yamechosha. Utamu uko mapafuni.

Damu ikipungua polepole, mishipa haibaki mitupu. Zinazopungua ni chembe nyekundu. Figo hufidia kwa kubakiza chumvi na maji. Kwa hiyo mfuko wenye mililita 300 hivi unaingia mahali palipokwisha kujaa, na moyo wa mzee umekakamaa, hautanuki upesi kama wa kijana.

Chukua mfereji wa udongo kule Uchagani. Lango la chini, yaani upande wa kushoto wa moyo, likipitisha maji kidogo kuliko yanayoingia juu, maji hurudi nyuma yakapanda. Kingo hazibomoki, zinavujisha taratibu, na shamba linatota. Shamba ndilo pafu. Mwanzoni mitaro ya pembeni, ambayo ni mishipa ya limfu, huyakusanya maji hayo na kuyarudisha, ndiyo maana robo saa ya kwanza bibi anaweza kuonekana hana neno. Mitaro ikizidiwa, vifuko vya hewa vinajaa maji. Hali hii naiita "mzunguko kuelemewa". "Damu kuzidi" siipendi, maana bibi huyu bado ana damu pungufu. Nchini Uingereza, ambako madhara ya kuongezewa damu yanafuatiliwa tangu 1996, hali hii ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vinavyotokana na kuongezewa damu.

Muuguzi basi anamkalisha bibi, anapunguza kasi ya matone, ila mfuko uishe ndani ya saa 4. Anahesabu pumzi. Zikipanda kutoka 20 hadi 28 kwa dakika, anafunga dripu kwanza, halafu ndipo anamwita daktari. Kwa mwanamke wa kilo 45, mfuko mmoja huweza kupandisha hemoglobini zaidi ya gramu 1 kwa desilita, kwa hiyo anapimwa upya kabla ya wa pili. Utafiti wa 2011, wa wagonjwa 2,016 waliofanyiwa upasuaji wa nyonga, ulionyesha kuwa kungoja hemoglobini ishuke chini ya 8 hakukuwadhuru zaidi kuliko kuongeza damu ikiwa chini ya 10. Anayevuja damu, au mwenye shambulio la moyo, ana hesabu zake.

Tena damu iliyokaa nje ya jokofu zaidi ya nusu saa hairudishwi akiba. Ndiyo maana muuguzi aliagiza mfuko mmoja, na ule wa pili akauacha benki ya damu.