Si lazima uwe wakili ndio upatanishe watu

Agosti iliyopita mjomba wangu alinipigia simu saa nne usiku kutoka Rombo. Nilidhani ni salamu. Kumbe alikuwa amesimama nje ya boma la jirani yake, panga mkononi.

"Wewe si ndiye umesoma? Niambie, nikimkata huyu nitafungwa miaka mingapi?"

Mimi na kusoma wapi! Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na siku hizi naandika blogu nikiwa kwa bedsita yangu hapa Kitengela. Nilichoweza kumwambia ni, "Mjomba, tafadhali rudi nyumbani kwanza. Watoto wanakungoja." Nashukuru Mungu alirudi.

Kwa wasiojua, hii ni Rombo ya Kajiado Kusini, si ile ya Tanzania ng'ambo ya mpaka. Huko watu wanalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji, na maji yanaenda kwa zamu. Jirani alikuwa akifungulia maji mchana, saa za mjomba. Vitunguu vya mjomba vilianza kunyauka, na alikuwa amekopa pesa za mbegu.

Kesi haikufika kortini. Wazee walimwita mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyesomea upatanishi. Hakuuliza nani ana makosa. Alimsikiliza kila mmoja kando, bila haraka, halafu akawaleta pamoja. Hapo ndipo jirani alitoa kitu alichokuwa ameficha kwa aibu: zamu yake ni ya usiku, na tangu ndovu waingie shambani kwake, anaogopa kutoka nje. Mjomba ana vijana wawili wakubwa na tochi kali. Usiku si shida kwake. Wakabadilishana zamu, ikaandikwa, wakatia sahihi.

Yaani watu walikuwa karibu kuuana kwa swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nikaanza kuchimba: huyu mwalimu alijifunzia wapi, na mtu kama mimi anaweza?

Kwanza, sheria iko upande wetu. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaitaka mahakama ihimize upatanishi na njia za kitamaduni za kumaliza mizozo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inatambua upatanishi, jambo kubwa kwa kaunti kama Kajiado yenye ardhi nyingi ya jamii. Na tangu Aprili 2016, mpango wa upatanishi chini ya mahakama ulipoanza kwa majaribio Milimani, Nairobi, korti inaweza kutoa kesi ya urithi au ya biashara kwa hakimu na kuipeleka kwa mpatanishi. Anapewa siku 60. Mkielewana, makubaliano yanakuwa amri ya korti. Msipoelewana, kesi inarudi, na mliyoambiana mle ndani hayatumiwi kama ushahidi.

Sasa masomo. Msingi ni mafunzo ya saa 40, kwa kawaida wiki moja hivi. Unafunzwa kusikiliza, kuuliza bila kuhukumu, kutunza siri, na kutofautisha kile mtu anadai na kile anahitaji. Kisha mnaigiza kesi mkiangaliwa. Chuo Kikuu cha Strathmore ni kati ya wanaofunza, na pia tawi la Kenya la taasisi ya wasuluhishi, CIArb.

Lakini hapa ndipo wasee wengi wanateleza. Cheti cha mafunzo si kibali. Ukitaka kupewa kesi na mahakama, lazima uidhinishwe na kamati ya kuidhinisha wapatanishi, MAC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai. Si lazima uwe wakili. Wako walimu, wahasibu, hata viongozi wa dini.

Mimi mwenyewe niliumia. Nililipa elfu tatu kwa "kozi" ya mtandaoni, nikatumiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu baada ya saa mbili. Saa mbili! Kwa hivyo kabla hujatoa chapaa, uliza MAC kama mafunzo hayo yanatambuliwa na ni stakabadhi gani watataka kwako. Mafunzo ya kweli ni makumi ya maelfu ya shilingi, na kesi haziji kila siku. Usiache kazi yako bana.

Mimi bado naweka akiba polepole. Ila wiki jana kwa ploti yetu wapangaji wawili walikuwa wanakaribia kupigana kwa sababu ya bili ya maji. Keateka alikuwa ashaamua nani mkosaji. Nilimwomba mama wa nyumba ya chini tuketi kando kidogo, nikamuuliza, "Mama, kinachokusumbua hasa ni nini?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema mumewe amefutwa kazi na hajaambia mtu. Jirani yake aliposikia, kwa ruhusa yake, alikubali alipwe nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi.

Sina cheti bado. Mjomba naye ameuza vitunguu, na ameahidi kunisaidia na karo.