Siku Mbili za Mapumziko katika Mji wa Imam Bukhari

Msafiri wa baiskeli huhesabu kilomita, na kwa hiyo siku ya kupumzika huiona kuwa ni siku iliyopotea. Tulipoingia Bukhara, nchini Uzbekistan, tulikuwa tumekwisha kuendesha kilomita zipatazo 270 kutoka Samarkand. Mwenzetu mmoja alitaka tuondoke alfajiri kwenda Khiva. Lakini mbele yetu zilikuwapo kilomita zaidi ya 400, nyingi zikiwa za jangwa la Kizilkum, na magoti yalikuwa yameanza kuvimba. Tukakumbushana mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Tukakaa siku mbili.

Alhamisi tulitembea kwa miguu. Mnara wa Kalyan, wenye urefu wa karibu mita 46, ulijengwa mwaka 1127. Majeshi ya Genghis Khan yaliuteka mji mwaka 1220 na sehemu kubwa ikateketea kwa moto, lakini mnara ungali umesimama. Ng'ambo ya uwanja ipo Madrasa ya Mir-i-Arab, ya karne ya 16. Utawala wa Kisovieti uliifunga, kisha ikafunguliwa tena katika miaka ya 1940, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa madrasa pekee inayofundisha katika Umoja wote wa Kisovieti. Leo mgeni huishia mlangoni, kwa kuwa ndani wanafunzi wanasoma.

Adhuhuri tulijipumzisha kando ya birika la Lyabi-Hauz, chini ya miforosadi mikongwe, kwa chai na mkate. Hapo ndipo mazungumzo yalipomgeukia mwana wa mji huu, ambaye jina lake tumelisikia misikitini tangu utotoni bila kufikiri kwamba ni jina la mahali. Imam Muhammad bin Ismail al-Bukhari alizaliwa hapa mwaka 194 Hijria (810). Baba yake alifariki angali mdogo, naye akalelewa na mama yake. Alipokaribia umri wa miaka 16, mama huyo alifuatana naye na ndugu yake kwenda kuhiji. Ibada ilipokwisha, mwana alibaki Hijazi kutafuta elimu, na mama akarejea nyumbani bila yeye. Matunda ya safari hiyo ni Sahih Bukhari, yenye hadithi zaidi ya 7,000 pamoja na zilizokaririwa.

Ijumaa tuliswali katika Msikiti wa Kalyan. Hotuba hatukuielewa, lakini Alhamdu ilikuwa ile ile tuijuayo, na safu ilitupokea kama wenyeji.

Yule aliyekuwa na haraka ndiye aliyetamka neno lililotugusa sote: kwamba huutaja mno ujuzi wa Imam, na subira ya mama yake tukaisahau. Katika jamaa zetu wapo wajane wanaolea mayatima na kuwapeleka madrasa kila jioni. Wastahili kusaidiwa ada, vitabu na nauli, kwani hakuna ajuaye ni mtoto yupi kati yao ambaye umma utamhitaji kesho.