Mwanasesere wa Kioo na Mavazi Yake

Wazaramo, wenyeji wa Mtoni na wa pwani inayouzunguka mji wa Dar es Salaam, wana mwanasesere wa jadi aitwaye mwana hiti. Ni kipande cha mti kilichochongwa, chenye kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto. Wengine walitiwa shanga, na hata nywele za kweli. Leo msichana wa Mtoni aweza kuwa na mwanasesere wa aina nyingine, akaaye ndani ya kioo cha simu. Huyu ni katuni. Mwenyewe humchagulia nywele, gauni na viatu, kisha humpeleka mtandaoni akutane na wanasesere wa watu wengine. Katuni ya namna hii huitwa avata.

Asili ya neno hilo ni Kisanskriti, na maana yake ni kushuka kwa mungu duniani katika umbo la kiumbe. Wamarekani wawili, Chip Morningstar na Randy Farmer, walilitumia katika mchezo wa kompyuta uitwao Habitat, ulioanza kujaribiwa mwaka 1986. Kompyuta iliyotumika, Commodore 64, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Mavazi mengi hayakuwezekana, ila mchezaji aliweza kuvua kichwa na kuvaa kingine! Baadaye zikaja jumuiya kubwa zaidi, kama Habbo ya Ufini mwaka 2000 na Gaia Online ya Marekani mwaka 2003.

Huenda mwanafunzi akadhani kwamba kila vazi jipya huchorwa pamoja na mvaaji wake. Sivyo. Tuseme kuna mitindo 12 ya nywele, mashati 15, sketi 10 na jozi 8 za viatu. Namna za kumvisha katuni mmoja ni 12 × 15 × 10 × 8, yaani 14,400. Picha yenye nukta 200 kwa 300 ina nukta 60,000, na kila nukta ikihitaji baiti 4, picha moja hula baiti 240,000. Picha zote 14,400 zingekula karibu gigabaiti 3.5. Lakini vipande vyenyewe ni 45 tu, na mwili mmoja, jumla 46. Navyo havizidi kiasi cha megabaiti 11. Kwa hiyo kompyuta huhifadhi vipande, na kuvipanga tabaka juu ya tabaka pale tu vinapotakiwa.

Baiti tatu za kila nukta hutaja kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Baiti ya nne hutaja uzito wa rangi, yaani jinsi inavyoziba kilicho chini yake. Chukua mtandio mwepesi ulioshuka usoni. Ikiwa wekundu wa mtandio ni 200, wa uso ni 100, na mtandio unaziba kwa asilimia 40, jicho litaona (0.4 × 200) + (0.6 × 100), yaani 140. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila nukta na kwa kila rangi.

Mpangilio wa tabaka nao una taabu zake. Nywele ndefu hupaswa kukatwa vipande viwili, kimoja nyuma ya mwili na kingine mbele ya paji la uso. Ushungi ni mgumu zaidi, kwa kuwa tabaka huongeza tu, haiondoi: nywele zilizotuna hutokeza pembeni ya kitambaa. Hapana budi mtunga programu aandike sharti kwamba ushungi ukivaliwa, nywele zifichwe. Asiyemfahamu mvaa ushungi hatalikumbuka sharti hilo, na msichana wa Mtoni ataona mwanasesere wake amevaa visivyo. Kadhalika, asiyeujua mtindo wa twende kilioni hatauchora, na kisichochorwa hakivaliki, hata hesabu ya namna za mavazi ikifika milioni.

Rangi ya ngozi ina kisa chake. Mwaka 2015 viwango vya Unicode viliruhusu vikatuni vya ujumbe wa simu kuwa na rangi tano za ngozi. Rangi hizo zilitokana na kipimo alichokibuni daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, kupima jinsi ngozi inavyoungua au kuwa nyeusi juani. Mwanzoni kipimo hicho kilihusu ngozi nyeupe peke yake. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, mwishoni mwa orodha. Ndiyo maana darasa zima la Temeke, lenye weusi wa kila namna, hubanwa katika rangi mbili au tatu za mwisho.

Mwalimu asiye na kompyuta aweza kulionyesha jambo hili darasani. Karatasi nyeupe ikipakwa mafuta kidogo ya kupikia hupitisha mwanga. Wanafunzi wachore mwili kwenye karatasi kavu, kisha kila vazi kwenye karatasi yake yenye mafuta, na kuzipanga dirishani. Wajaribu kumfunga mwanasesere kanga ya begani, ipite chini ya mkono mmoja na juu ya mwingine, na wahesabu karatasi zinazohitajika.