Kubuni Jukwaani Si Uvivu

Wapo wanaodai kwamba kubuni muziki papo hapo jukwaani ni uvivu. Mimi, mshabiki wa Grateful Dead, sikubaliani nao. Kuanzia Aprili 7 hadi Mei 26, 1972, bendi hiyo ya Marekani ilizuru Ulaya na kufanya maonyesho 22, ambayo rekodi zake zote zilitolewa mwaka 2011. Ukizisikiliza, wimbo ule ule hauji mara mbili kwa sura moja. Kweli, pana nyakati gitaa hutangatanga hadi msikilizaji akachoka. Lakini Ron McKernan aliimba akiwa mgonjwa, wenzake wakimfuata popote alikoupeleka wimbo. Alifariki Machi 1973. Walimu na wanafunzi wazingatie: aliyekariri hurudia, aliyeelewa, akamsikiliza na mwenziwe, ndiye abuniye.