Risasi ya ndege milimani Kasulu: soma milimita, kisha piga hesabu ya shamba

Mvua za kwanza zikishaanguka Kasulu na Kibondo, kazi inayofuata kupanda ni kuamia. Huko Titye, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kigoma, wazee na watoto hukaa pembezoni mwa shamba na manati na kopo la kugonga. Wanalinda mahindi na karanga dhidi ya kunguru mwenye shingo nyeupe, ambaye anajua vizuri kwamba chini ya kila mche mchanga kuna punje. Hung'oa mche, hula punje, hutupa jani, kisha husogea kwenye shimo la pili. Nafaka ikikomaa, zamu huwa ya tetere na njiwa pori. Kila msimu wale wachache wenye bunduki ya marisau iliyosajiliwa huulizana wanunue risasi gani. Kwa ukurasa wa biashara, swali hilo lina pacha wake: risasi hiyo inarudisha fedha yake?

Soko lenyewe ni dogo na lina milango michache. Risasi haiuzwi gengeni wala kwenye duka la pembejeo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mnunuzi awe na leseni na muuzaji awe na kibali. Kwa mtu wa Titye hilo lina maana ya safari ya mjini, nauli na siku iliyopotea, kabla hata hajaulizia bei. Kigoma ina sababu zake za uangalifu. Mkoa umepakana na Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu imekuwepo Kasulu tangu 1996. Kuna miaka ambayo mabasi ya njia ya Kibondo na Kasulu yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Afisa anayepitia ombi la bunduki wilayani humo anayajua yote hayo.

Bidhaa yenyewe kwa sehemu kubwa hutoka nje. Afrika Mashariki ina viwanda vya risasi: Shirika la Mzinga mjini Morogoro, kiwanda cha Eldoret nchini Kenya na kile cha Nakasongola nchini Uganda. Lakini hivyo vilijengwa kwa mahitaji ya majeshi kwanza. Risasi ya ndege ni ufundi wa viwanda vya kiraia kama Fiocchi cha Lecco, Italia, kilichoanza 1876, au Sellier & Bellot cha Wacheki, kilichoanza 1825, na siku hizi viwanda vya Uturuki ni washindani wakubwa. Kwa hiyo bei ya kasha la risasi 25 hubeba thamani ya dola, bei ya madini ya risasi duniani, usafiri wa mzigo wa hatari, na vibali. Mkulima hana nguvu juu ya hata kimoja kati ya hivyo. Uwezo wake uko kwenye kuchagua.

Ukiipasua risasi moja ya geji 12 utaona anacholipia mnunuzi. Kuna ganda la plastiki lenye kitako cha chuma cha rangi ya shaba, na katikati ya kitako kuna fataki. Juu ya fataki kuna baruti isiyo na moshi, kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Juu ya baruti kuna kizibo cha plastiki chenye umbo la kikombe, na ndani ya kikombe ndimo yamo marisau yenyewe, kwa kawaida gramu 28 hadi 36. Baruti na kizibo havibadiliki sana kati ya kasha na kasha. Tofauti kubwa iko kwenye ukubwa wa marisau, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Namba iliyoandikwa kwenye kasha inakwenda kinyume: ikiwa kubwa, marisau ni madogo. Mbaya zaidi, kila nchi ina namba zake. Namba 6 ya Waingereza ina kipenyo cha milimita 2.6, ya Waitaliano 2.7, na ya Wamarekani karibu 2.8. Namba 7 ya Waingereza ni milimita 2.4, ya Waitaliano 2.5. Mtu aliyezoea kasha la nchi moja akiuziwa la nchi nyingine kwa namba ileile hurudi nyumbani na kitu tofauti, kisha hulaumu bunduki. Makasha mengi huandika milimita pembeni ya namba. Asome hizo. Na muuza duka anayejali wateja wake angezitaja kabla hajaulizwa.

Kwa nini sehemu ya kumi ya milimita iwe na uzito wote huo? Gramu 28 za marisau ya milimita 2.4 ni takribani punje 340. Kwa milimita 2.6 zinabaki 270, na kwa milimita 2.8 zinabaki 220. Punje ndogo hujaza anga vizuri bila kuacha mapengo, lakini hupoteza nguvu haraka. Punje kubwa hufika mbali na nguvu yake, lakini kwa uchache wake huacha nafasi ambazo ndege mdogo hupita salama. Tetere ana gramu mia moja na kitu tu. Kwake milimita 2.4 inatosha ndani ya mita 30, na nzito zaidi ni kuharibu nyama. Njiwa madoa ni mkubwa zaidi ya mara mbili ya tetere, ana manyoya yaliyoshonana, na milimita 2.5 au 2.6 inamfaa. Kunguru wetu wa shingo nyeupe hukaribia nusu kilo, ana mifupa migumu, na hukaa mbali kwa sababu humtambua mtu mwenye bunduki. Kwake ningenunua milimita 2.7 au 2.8, gramu 30 au 32, na nisingefyatua kwa zaidi ya mita 35. Kasha moja likilazimika kufanya kazi zote, liwe la milimita 2.6.

Mdomo wa mtutu nao una usemi. Mtutu uliobanwa sana huweka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 75 kwa mita 36, na ulio wazi kabisa huweka karibu 40. Mwenye bunduki atundike gunia au karatasi kubwa mbele ya tuta la udongo, apige mara moja, ahesabu matundu. Risasi hiyo moja ya majaribio itamwokolea nyingi za shambani.

Sasa hesabu. Tetere hula nafaka kama moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, tuseme gramu 15. Akikaa shambani siku 60, amekula chini ya kilo moja. Risasi moja inauzwa kwa bei inayozidi kilo ya mahindi, na hakuna mpigaji asiyekosa. Kwa tetere, basi, bunduki ni hasara, labda awe kitoweo. Kopo na manati vinashinda kwa mbali, ingawa navyo vina gharama ambayo haiandikwi popote: mtoto anayeamia saa za asubuhi hayupo darasani, na hilo linaniuma kuliko magunia.

Kwa kunguru hesabu hugeuka. Hasara ya ndege huyu si kilo anazokula, bali miche anayong'oa, na kila mche ulioondoka wakati wa kuota ni hindi lisilovunwa. Tena ana akili. Mmoja akianguka mbele ya wenzake na mzoga ukaning'inizwa juu ya mti, kundi lote huhama kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo miche inazohitaji ili iimarike. Risasi mbili au tatu zilizotumika katika wiki ya kuota hulipa. Kabla ya hapo, mwenye shamba apite ofisi ya wanyamapori ya wilaya, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inagusa hata ndege tunaowaona kila siku.

Asifikiri, hata hivyo, kwamba atawamaliza. Pwani kuna ndugu wa kunguru huyu, kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ale taka, kisha akaenea hadi Dar es Salaam na Mombasa. Amepigwa, ametegwa, amewekewa sumu. Januari 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, na silaha iliyochaguliwa ilikuwa sumu maalumu. Bunduki hutimua kundi. Haipunguzi kizazi.

Mshindani halisi wa risasi ya dukani, hata hivyo, ni gobore. Baruti inamiminwa mtutuni, kitambaa kinashindiliwa, kisha goroli au vipande vya nondo, halafu tena kitambaa. Ni rahisi kwa bei, na ni hatari kwa mshikaji kabla ya ndege, kwa sababu hakuna aliyepima baruti wala aliyejaribu mtutu. Goroli pia haina simile kwa jirani. Kwa kanuni ya zamani ya Mfaransa Journée, punje ya milimita 2.6 huishiwa baada ya mita kama 200, lakini ya milimita 8 inaweza kupita mita 600. Katika mashamba ya Kasulu, ambako nyumba, njia na migomba vimepakana, mita 600 ni kitongoji kizima. Serikali imetoa msamaha zaidi ya mara moja kwa wanaosalimisha silaha hizi, na anayemiliki gobore kwa ajili ya kunguru angefanya vyema kuutumia unapotangazwa tena.

Limebaki suala la sumu ya madini ya risasi yenyewe. Bata na njiwa humeza marisau yaliyoanguka wakidhani ni changarawe za firigisi, nao hudhoofika na kufa. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, Marekani iliyaondoa katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya uliyazuia kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023. Mashariki ya Kibondo na Kasulu kuna bonde la Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia orodha ya Ramsar, mwaka 2000, na wageni hulipia kuwinda katika pori la akiba la Moyowosi. Kampuni zinazowapeleka huko zingeweza kuanza kuagiza marisau ya chuma sasa, bila kungoja amri. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo aliyezoea milimita 2.6 apande hadi 3 au zaidi, na risasi za chuma zisitiwe kwenye bunduki kuukuu yenye mdomo uliobanwa.