Kopo, Pakiti na Maji: Maziwa ya Kigeni Katika Kitui na Makueni

Karibu asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji, na biashara ya maziwa ya kopo ilijengwa juu ya kazi ya kuyaondoa maji hayo kiwandani na kumwachia mnunuzi, aliye maelfu ya kilomita mbali, jukumu la kuyarudisha. Katika kaunti za Kitui na Makueni jukumu hilo ni zito, kwa sababu sehemu kubwa ya Ukambani ni nchi kame, na kinachokosekana kwanza huwa ni maji.

Chapa iliyotangulia kwa umaarufu katika biashara hii ni Nestlé. Mwasisi wake, Henri Nestlé, mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Vevey nchini Uswisi, alianza mwaka 1867 kuuza chakula cha watoto wachanga kilichochanganya maziwa, unga wa ngano na sukari. Mwaka mmoja kabla yake, ndugu wawili Wamarekani, Charles na George Page, walikuwa wamefungua katika mji wa Cham, nchini humo humo, kiwanda cha maziwa mazito, yaani maziwa yaliyochemshwa hadi yakapungua maji kisha yakatiwa sukari nyingi ili yasiharibike; kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1905. Nembo aliyoichagua Nestlé ilimwonyesha ndege akiwalisha makinda katika kiota, na hapo ndipo ustadi wa tangazo lake ulipo, kwa kuwa mama asiyejua kusoma angeweza kuielewa picha hiyo papo hapo, huku ikimfungamanishia bidhaa ya kiwandani na jambo lililo karibu zaidi na moyo wake.

Njia za kuifikisha bidhaa ya namna hiyo Ukambani hazikuwa sawa. Makueni, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, inapitiwa na reli iliyotoka Mombasa na kufika Nairobi mwaka 1899, na vituo vyake kama Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali viliwawezesha wenye maduka kupokea shehena moja kwa moja kutoka bandarini. Kitui haikupitiwa na reli, hivyo bidhaa za madukani zilisafiri kwa lori, na gharama ya safari ikaongezeka katika bei kadiri mtu alivyokwenda Mutomo au Kyuso. Umbali huo huo, hata hivyo, uliipa bidhaa ya kopo nafasi yake. Maziwa mabichi huganda baada ya saa chache za joto la Kibwezi pasipo jokofu, ng'ombe wa kienyeji hukaukiwa kiwele malisho yanapokwisha, na katika ukame mkali kama ule wa mwaka 1984 mifugo yenyewe hufa. Kopo lililofungwa hukaa miezi mingi bila kuhitaji nyasi wala umeme. Lilipokwisha, lilibaki nyumbani likitunza chumvi au majani ya chai, na chapa yake ikaendelea kuonekana kila siku bila mwenye kampuni kulipa senti ya tangazo.

Hatari ilikuwa katika maziwa ya watoto wachanga, yaani unga uliorekebishwa ili utumike badala ya maziwa ya mama. Ndani ya kopo huwekwa kijiko cha kupimia, na maelezo humwagiza mama achanganye idadi maalumu ya vijiko vilivyosawazishwa na kiasi maalumu cha maji yaliyochemshwa, katika chupa iliyochemshwa pia. Agizo hilo linahitaji kuni, maji safi, fedha za kununua kopo jingine hili likiisha, na uwezo wa kusoma. Pale maji yanapochotwa katika shimo lililofukuliwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kama Tiva au Thwake, na pengine mifugo hunywa papo hapo, chupa isiyochemshwa humletea mtoto kuhara. Na pale kopo la siku chache linapolazimishwa kudumu wiki mbili kwa kupunguza unga na kuongeza maji, mtoto hudhoofika ingawa tumbo lake limejaa. Hakuna mama wa kulaumiwa hapa. Lawama ni ya tangazo lililoonyesha mtoto mnene na likanyamaza kuhusu maji.

Daktari Cicely Williams alitoa onyo hilo Singapore mwaka 1939, na Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha afya ya watoto Makerere, alieleza baadaye kwamba kuna utapiamlo unaozalishwa na biashara yenyewe. Kampuni zilikuwa zikiwatuma wodini wauzaji waliovaa sare za wauguzi, mbinu iliyofanya tangazo lionekane kuwa ushauri wa daktari. Mwaka 1974 Mike Muller aliandika kijitabu kilichoufichua utaratibu huo, na mwaka uliofuata Mjerumani Peter Krieg akatengeneza filamu ya Bottle Babies, iliyopigwa hapa Kenya na kuonyeshwa makanisani Marekani, ambako mwaka 1977 watu walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mwezi Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha, kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani, kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa umma na utoaji wa sampuli za bure kwa akina mama. Kenya ilikawia mno, kwani sheria yake kamili ilipatikana mwaka 2012.

Wakati huo biashara ilikuwa imeshapata njia nyingine. Promasidor, iliyoanzishwa na Robert Rose mwaka 1979 nchini Zaire, iliondoa mafuta ya wanyama katika unga wa maziwa, kwa kuwa ndiyo huchacha upesi, ikatia mafuta ya mimea, kisha ikaufunga unga huo katika pakiti ndogo za kutumika mara moja. Chapa zake, kama Cowbell na Miksi, zilimfaa mnunuzi apataye fedha kidogo kidogo, aliyezoea kununua sukari na mafuta ya kupikia kwa vipimo vidogo, na pakiti zinazoning'inia katika kioski cha Mwingi au Wote hujitangaza zenyewe mbele ya kila anayepita. Vituo vinavyotangaza kwa Kikamba, kama Musyi FM, navyo vimempa mfanyabiashara nafasi ya kuzungumza na msikilizaji kwa lugha ya nyumbani kwake.

Unga wa aina hii haufai kumlisha mtoto mchanga, lakini katika sufuria ya chai hauna madhara yale ya chupa, kwa sababu ya mazoea ya upishi yaliyoutangulia: chai ya Ukambani hupikwa kwa kuchemsha maji, majani na maziwa pamoja, hivyo maji yaliyotoka kwenye mchanga wa mto huchemka kabla hayajafika kikombeni. Anayetaka kuelewa kwa nini pakiti hiyo imekubalika huko Mutomo au Kathonzweni ataona kwamba inamfaa mtu aliye mbali na ng'ombe anayekamuliwa, anayetaka kumkaribisha mgeni kwa chai ya maziwa badala ya strungi hata katika mwezi wa Septemba, kabla mvua za Novemba hazijarudisha malisho.